Mpira wa Kumi: Miaka Tisa ya Kudaka Zizini

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na saba, kwa hiyo watu wakisikia hivyo huuliza mara ya pili, nami hujibu mara ya pili. Kazi yenyewe ilikuwa kudaka mipira ya warushaji wa timu ya besiboli ya chuo kimoja kidogo hapa Toronto, wakati wanapasha mkono kabla ya kuingia uwanjani. Nimeifanya miaka tisa. Kwa kazi ya kuchuchumaa, miaka tisa ni mingi.

Kocha mkuu, Brian, aliniomba niandike maelezo ya kumwachia anayenirithi. Alitaka ukurasa mmoja. Nikamwambia shule yangu iliishia darasa la saba, naandika polepole, na kwa Kiingereza naandika polepole zaidi, mpaka aliyeomba anasahau aliomba nini. Akasema niandike kwa lugha yoyote, mradi Faraja aelewe. Faraja ndiye anayenirithi. Ana miaka kumi na tisa, wazazi wake walitoka Burundi, amekulia mtaa wa Regent Park hapa hapa mjini. Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, na kukisoma anasoma kwa kidole. Basi, Faraja, mimi nimeandika polepole na wewe utasoma polepole, tutafika pamoja. Ukurasa mmoja umezidi kidogo.

Nilianza kudaka kabla sijajua besiboli ni nini. Tulikuwa kambini, upande wa Kigoma, baada ya kutoka Kongo. Nilipomaliza darasa la saba nikawa kibarua wa fundi mwashi. Fundi yuko juu ya jukwaa, mwenzako yuko chini na rundo la matofali, wewe uko katikati. Wa chini anakurushia tofali, unalidaka, unamrushia fundi. Tofali halidakwi kwa mkono mgumu. Ukilisubiri kwa mkono mgumu litavunja kidole au litavunjika lenyewe, na fundi ataulizia habari za tofali kwanza. Unalipokea huku mkono unarudi nyuma pamoja nalo, kama unalilaza. Likidakwa vizuri halitoi sauti. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Sikuwa mtu wa maneno, na kazi ile haikuyadai.

Tulipofika Toronto, Mama, dada zangu wawili na mimi, tulipewa nyumba ghorofa ya kumi na mbili Thorncliffe Park. Jumapili tulikwenda kwenye misa ya Kiswahili. Siku moja lilikuja lori la chakula cha msaada, na vijana tukapanga mstari kuanzia lori hadi jikoni, tukarushiana kabichi. Pembeni alikuwa amesimama mzee mmoja Mgoa aliyevaa tai, Mzee Caetano. Alizaliwa Nairobi, akawa karani huko, akawa karani huku, akastaafu, na misa ya Kiswahili alikuja kwa ajili ya nyimbo. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa anatazama, alikuwa anasikiliza. Kabichi ilikuwa inalia mikononi mwa kila mtu kwenye mstari ule, ikifika kwangu inanyamaza.

Akaja akaniuliza, "Wewe kijana, umefundishwa wapi?"

Nikamwambia kwenye matofali. Akasema, "Kesho saa kumi jioni. Vaa viatu vya kukimbilia. Usichelewe." Kiswahili chake alijifunzia nyumba na ofisi za Nairobi ya zamani, kwa hiyo kilikuwa kimejaa amri. Kwa kazi ya ukocha hilo lilifaa sana.

Ndivyo nilivyoajiriwa. Benchi la ufundi la timu ile lilikuwa na watu watatu. Kocha Brian mchana alifundisha ufundi bomba chuoni, na mkono wa mrushaji aliuzungumzia kama bomba: unavuja wapi, shinikizo likoje. Mzee Caetano alikuwa kocha wa warushaji. Besiboli alijifunza akiwa tayari mtu mzima, akiwapeleka wanawe mazoezini, naye mwenyewe alikuwa mchezaji wa magongo. Wa tatu nilikuwa mimi.

Kwa asiyejua: mrushaji anasimama kwenye kilima katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpigaji. Mkono wa mrushaji ukiingia baridi, au umechoka, au una jeraha, unaweza kukatika mshipa wa kiwiko kwa mpira mmoja, na hapo mtu hana tena mchezo. Kwa hiyo kando ya uwanja kuna sehemu yenye uzio ambako anarusha kwanza, na kuna mtu wa kumdakia. Wenyewe wanapaita zizi la mafahali. Mzee na mimi tulipaita zizi. Nimefanya kazi zizini miaka tisa na sijaona fahali.

Siku ya kwanza nilivaa glavu, nikachuchumaa, nikadaka mipira kumi kama matofali. Haikutoa sauti hata mmoja. Mrushaji alisimama, akautazama mkono wake, akamuuliza Mzee kama kuna kitu amekosea. Nikajua siku hiyo kwamba mrushaji anataka kusikia. Mpira ukigonga glavu kwa kishindo anajiona ana nguvu, na akijiona ana nguvu anakuwa nazo. Mzee akaniambia, "Piga kelele. Siyo wewe, glavu." Ilinichukua wiki mbili kujifunza kupiga kelele kwa mkono. Kwa mdomo bado najifunza.

Vuli ya pili ndipo nilipogundua jambo ambalo Kocha anataka ulijue, Faraja. Timu za vyuo hapa zinacheza Septemba na Oktoba, na kufikia Oktoba jioni kuna baridi na umechoka. Siku moja nilichoka, mkono ukarudia mazoea yake ya zamani, nikadaka mpira mmoja kama tofali. Nikausikia. Mpira wa mkono mzima unauma mahali pamoja tu, chini ya kidole cha shahada, kama mtu amekubonyeza kwa kalamu. Ule uliuma kiganja chote, ulisambaa. Nikadaka mwingine vilevile. Ulisambaa pia. Nikaenda kwa Mzee nikamwambia yule amechoka. Mzee akasema amerusha mipira ishirini tu. Nikarudia kwamba amechoka. Mzee akamwita, akambana kwa maswali, mpaka akakiri kwamba usiku uliopita alifanya kazi ghalani akibeba maboksi.

Kuanzia hapo tukawa na utaratibu. Mipira tisa nadaka kwa kelele, kwa ajili ya mrushaji. Wa kumi nadaka kimya, kwa ajili ya mkono wake. Halafu namwambia Mzee neno moja kati ya mawili: "Tayari" au "Bado". Mzee anaandika kwenye daftari lake, anampelekea Kocha. Kocha naye akayajifunza maneno hayo, kisha wachezaji wakayajifunza. Kufikia mwaka wangu wa nne, timu nzima ya watoto wa Toronto ilisema bado: basi bado, chakula bado, mitihani bado. Mmoja aliulizwa na mwalimu iko wapi kazi yake ya nyumbani, akajibu bado, akapewa sifuri.

Sasa vifaa. Glavu mbili, moja ya kazi na moja ya kulainisha. Inalainishwa kwa mafuta ya mtoto, kidogo, na kulazwa chini ya godoro ikiwa na mpira ndani. Usitumie mafuta ya kupikia. Mimi nilitumia, na mbwa wa uwanja wa jirani alinifuata mwezi mzima. Ndoo ya kukalia warushaji wanapozungumza. Mfuko wa mchele uliopashwa kwenye maikrowevu, wa kutia ndani ya glavu kukiwa na baridi. Huo ni ubunifu wa Mama. Na rangi ya kucha, ya njano, mikono yote miwili, kwa sababu ishara za vidole tunazompa mrushaji hazionekani jua likizama. Mama aliponiona mara ya kwanza nimepaka aliuliza, "Unapaka makucha rangi juu ya nini?" Nikamweleza kwa nini. Akaniomba nisimweleze mtu mwingine pale kanisani, yeye atasema ni ugonjwa.

Wapo warushaji wagumu. Yuko anayeongea na mpira, mwache. Yuko anayekuuliza baada ya kila mpira ulikuwaje. Huyo mjibu "mzuri" mara tatu, mara ya nne nyamaza, atatulia. Yuko anayetapika kabla ya mchezo. Ndoo ina kazi mbili.

Mwaka wangu wa sita alikuja Karim, na hapo ndipo kazi yangu ilipopata mtazamaji. Karim alirusha kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kwao ni Unionville, familia ya Waismailia waliotoka Tanga, na kila mchezo wa nyumbani aliletwa na bibi yake, Bibi Gulshani. Bibi alileta kiti cha kukunja, blanketi na chupa ya chai, akakaa nje ya uzio wa zizi, nyuma yangu. Uwanjani hakutazama. Alisema uwanjani hakuna anayemjua.

Siku ya kwanza alinisikia nikimwambia Mzee "Tayari". Akaita kupitia uzio, "We mwanangu, wa wapi wewe?" Nikamwambia. Akaniuliza Mama anaitwa nani, anafanya kazi gani, na kama dada zangu wameolewa. Halafu akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo, "Mkono wa mjukuu wangu vipi?"

Nikasema, "Mzima, Bibi."

Alinimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa. Ikawa desturi. Kila mchezo, Karim akimaliza kupasha, kabla hajafungua lango la zizi, Bibi anauliza na mimi najibu mzima, kisha chai. Mara mbili nilimjibu bado, na mara zote mbili Karim alipumzishwa siku hiyo, naye Bibi akafunga chupa akamrudisha nyumbani bila kuuliza ziada. Karim alikuwa anamwambia kwa Kiingereza kwamba anamwaibisha. Bibi alimjibu kwa Kiswahili kwamba anajua.

Mwaka wa nane kidole changu cha shahada, cha mkono wa glavu, kilianza kuwa cheupe. Mwanzoni kilikuwa cheupe asubuhi tu. Halafu kikawa baridi hata ndani ya nyumba. Halafu siku moja nikakitia kwenye chai ya moto kujaribu, nikasubiri, na aliyepiga kelele ni dada yangu. Mimi sikuhisi kitu.

Sikumwambia mtu. Naandika sababu kwa kuwa wewe nawe utazipata. Mjini hapa mimi ni mtu ambaye dukani huonyesha kitu kwa kidole ili asikitaje. Zizini ndipo mahali pekee ambapo nilitoa neno moja na watu ishirini wakafanya nilivyosema. Nikafikiri nikisema mkono umenyamaza, na mimi nitanyamazishwa. Kwa hiyo nikaendelea. Wa kumi niliudaka kimya kama kawaida, nikautazama kama kawaida, na baada ya hapo nikasema tayari au bado kwa kufuata sura ya mrushaji, jasho lake, mlio wa mpira hewani. Nilikuwa nakisia. Mkisiaji mwenye miaka minane ya kazi hukisia vizuri, hicho ndicho kilichoniponza. Karim aliingia uwanjani vuli nzima ile kwa makisio yangu, na Bibi alinipa chai.

Nafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Oktoba iliyopita, mchezo wa mwisho wa msimu, nyumbani. Tukishinda tunaenda mashindano ya jimbo, tukishindwa tunarudisha sare za timu stoo. Karim alikuwa mwaka wake wa mwisho, na mashindano ya jimbo hakuwahi kuyafikia. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, imebaki zamu moja ya wapinzani kupiga. Mrushaji aliyekuwa kilimani hakuwa amechoka, ila wapigaji walikuwa wameshamzoea. Kocha akaagiza Karim apashe haraka.

Tukaanza. Tisa kwa kelele. Wa kumi nikaupokea kimya, mkono ukirudi nyuma. Nikasubiri mpira ufike. Nikaona umenipita, nikageuka kuutafuta kwenye uzio. Haukuwa kwenye uzio. Bibi Gulshani alikuwa ananitazama, kikombe mkononi. Nyuma yangu Karim akacheka, akaniambia uko kwenye glavu.

Ulikuwa kwenye glavu.

Mzee akaniuliza kutoka langoni, "Vipi?" Na mdomo wangu, ambao miaka yote haukuwahi kufanya haraka, ukasema, "Tayari." Mzee akaandika, akampungia Kocha mkono. Karim akavaa koti begani, akafungua lango, akaanza kutembea kwenda kilimani. Kocha naye akatoka benchi kwenda kumtoa aliyekuwepo.

Bibi akauliza, "Mkono wa mjukuu wangu vipi?"

Nilitaka kusema mzima. Neno lilikuwa pale pale. Nikasema, "Sijui, Bibi."

"Hujui?"

"Sijui."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Akarudisha kifuniko kwenye chupa, akakikaza. Hakupandisha sauti. "Sasa mimi unaniambia nini? Nenda kawaambie wale."

Kutoka langoni hadi kilimani ni hatua sitini na mbili, nimezipima baadaye. Miaka tisa sikuwahi kukanyaga nyasi zile mchezo ukiendelea. Nilitembea. Kukimbia kungeongeza watazamaji. Mwamuzi akainua mkono akaniuliza mimi ni nani, na lilikuwa swali la haki. Karim alikuwa ameshafika, Kocha alikuwa ameshafika, bado hajamtajia mwamuzi badiliko. Nikasema, "Bado." Kocha hakusikia. Nikasema tena, na mara hii walisikia hata waliokaa juu kabisa, maana niliona wanageuka. Benchini wachezaji wote wakasimama. Neno lile walilijua.

Kocha akanitazama, akamtazama Mzee Caetano aliyekuwa amekuja nyuma yangu na daftari. Akaniuliza, taratibu, amepewa maneno mawili ndani ya dakika moja, aamini lipi. Nikamwambia la pili.

Karim, ambaye miaka minne hakunijibu hata mara moja kwa lugha ya bibi yake, alisogea karibu. Akasema, "Mimi mzima, Elias. Waambie."

Huenda kweli alikuwa mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Nikavua glavu nikamwonyesha Kocha kidole. Kilikuwa cheupe kama chaki, na kucha yake ya njano.

Kocha alikitazama muda ambao mtu huchukua kuangalia bomba lililopasuka. Kisha akamrudisha Karim, akamwacha kilimani yule aliyezoeleka. Wapinzani walipata pointi mbili. Tukashindwa kwa moja.

Wachezaji walirudisha sare stoo wakaondoka. Mzee alinikalisha kwenye benchi tupu, akafungua daftari lake.

"Ulikuwa unakisia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mwaka mzima?"

"Na huu."

Akavaa miwani. Akaanza kusoma majina, ya warushaji wote wa misimu miwili, mchezo kwa mchezo, na kwa kila jina akaniuliza nilihisi au nilikisia. Nilihisi. Nilikisia. Nilikisia. Tulipofika katikati hakuniuliza tena, alisoma jina na mimi nikasema neno lilelile. Karim alitokea mara kumi na moja. Hakuna hata mmoja kwenye orodha ile aliyeumia. Mzee alisema hilo halimfurahishi, kwa sababu hajui amshukuru nani. Kisha akafunga daftari. Nilitegemea amri. Hakutoa. Alisema tu kwamba aliniamini hata akaacha kutazama warushaji mwenyewe, na sasa hajui kama macho yake bado yanafanya kazi. Hilo liliniuma kuliko mpira wowote, na hilo nililihisi.

Wiki iliyofuata Kocha alitupeleka wawili kwa daktari mmoja. Kiwiko cha Karim kilipigwa picha, kikaonekana hakina doa. Mkono wangu ulikutwa na mshipa wa damu uliopondeka kiganjani. Daktari aliuliza kazi yangu, nikamweleza, akauliza tena. Akasema niache kudaka au niache kidole. Kwa hiyo mkono ambao nilisema bado ulikuwa tayari, na uliosema tayari ndio uliokuwa bado. Kwenye gari njia nzima Karim alitazama dirishani. Aliposhuka kwao hakuniaga. Majira yote ya baridi hakunisalimu.

Kocha alikuwa na haki ya kunifukuza mara mbili. Alichosema ni kwamba nikiwa na habari ya namna ile niilete Septemba, siyo Oktoba. Kisha akasema atahitaji mtu mwingine zizini na mimi nimfundishe. Ndipo ukaja wewe, Faraja, na glavu yako ya softiboli, ule mchezo wa wasichana, na swali lako la kwanza kwamba kwa nini tunapaita zizi.

Kufundisha kelele kulikuwa rahisi. Wewe una kelele. Kufundisha wa kumi ndiko kulikoshindikana. Kwenye ukumbi wa chuo, majira yote ya baridi, ulidaka vizuri, ukaniuliza unauma wapi, nikakwambia chini ya shahada, ukasema kwako unauma kila mahali. Wachezaji walikuwa wanarusha kidogo kidogo, hakuna anayechoka, na mkono uliochoka haufundishwi bila mkono uliochoka. Mzee akasema anahitajika mtu asiye na mchezo wa kuchezea tena, mwenye mkono mzima uliothibitishwa, anayekubali kurusha mpaka uishe nguvu. Mzee, Kocha na mimi, sote tulijua ni nani. Hakuna aliyetaka kupiga simu. Mwishowe Mzee alimpigia Bibi Gulshani, wakaongea nusu saa, na kwa nilivyosikia upande mmoja, dakika ishirini na tano zilikuwa za bei ya ndizi mbichi.

Jumamosi ya kwanza ya Mei Karim alikuja. Bibi alikuwa mbele yake na kiti. Sasa Karim anafanya kazi ofisi ya vipuri vya magari, na alikuja amevaa viatu vya ofisini, akavibadilisha bila haraka. Wewe ulikuwa unavaa kinga, hukuyasikia haya.

Alisema, kwa Kiingereza, kwamba nilimpotezea mashindano.

Nikasema, "Ndiyo."

Kwamba mkono wake ulikuwa mzima.

"Ndiyo."

Akauchukua mpira, akauzungusha. Nilidhani atasema zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa zaidi, nilikuwa na maneno matatu tayari. Akauliza, "Mingapi?"

Nikamwambia mpaka uchoke. Akasema hachoki. Nikasema sawa.

Ulidaka kumi, ukasema kila mahali. Ishirini, kila mahali. Karim alikuwa amepata joto, mipira inalia vizuri, Mzee amesimama langoni na daftari, safari hii akimtazama mrushaji na siyo daftari. Thelathini. Kwenye wa arobaini hukusema kitu. Kwenye wa hamsini ulivua glavu ukatazama kiganja chako, kukawa na duara moja jekundu chini ya shahada, dogo kama kifungo cha shati. Hukunionyesha. Nililiona. Ukavaa tena. Sitini, sabini. Karim alikuwa anapumua kwa mdomo na anajifanya anatabasamu. Kwenye wa themanini ulidaka kimya kabisa, kimya cha tofali, na ukabaki umechuchumaa na mpira ndani, hukuurudisha.

Mimi sikuweza kujua ulichohisi. Nilimtazama Karim usoni, nikakisia, nikanyamaza nalo.

Nyuma yetu kifuniko cha chupa kikakwaruza. Bibi Gulshani akauliza, kwa mazoea, akinitazama mimi, "Mkono wa mjukuu wangu vipi?"

Nikamwambia, "Muulize yeye, Bibi."

Bibi akasogeza kiti chake upande wako. Akauliza upya, neno kwa neno, kama vile swali lile halijawahi kuulizwa. Karim akasimama kilimani mikono kiunoni, akisubiri na yeye. Nilidhani utajibu kwa Kiingereza.

"Subiri, Bibi," ulisema. "Nidake mmoja tena."